Mahali pa Bibi Blažena

Jumapili, 8 Septemba

Mwalimu wa binti yangu Apolena amewapa watoto kazi ya kuandika shajara ya vuli nzima, mpaka theluji ya kwanza. Apolena ana miaka minane na hapendi kuteseka peke yake, kwa hiyo amesema hataandika neno mpaka na mimi niandike. Nimechukua daftari lililobaki kazini, maktaba. Masharti yake ni mawili: hakuna kusomeana, na hakuna kudanganya. Nilikubali yote nikiwa naosha masufuria, bila hata kugeuka.

Orodha ya mambo ya vuli imebandikwa kwenye friji. Uyoga. Kurusha tiara. Wanyama wa kuchezea wa kokwa na njiti. Likizo ya Oktoba, safari ya Praha. Hilo la mwisho ni la mdogo wake Vojta, wa miaka mitano, ambaye amesikia kuna jogoo anayewika juu ya saa kubwa ya mji na tangu hapo hakuna kingine duniani kinachomshughulisha.

Jumatano, 11 Septemba

Mvua ya kimyakimya tangu alfajiri. Baba mkwe, anayekaa chini yetu, ametoka uani mara tisa kunusa hewa. Radim, mume wangu, anasema babake akinusa hivyo, uyoga uko njiani.

Jumamosi, 14 Septemba

Leo nimepelekwa mahali pa Bibi Blažena. Mtu asiyekulia huku angenicheka kwa furaha niliyo nayo.

Nimeolewa nyumba hii miaka kumi na moja. Kila vuli Baba mkwe hutoka na kikapu kukiwa bado giza, na hurudi kabla chai haijapoa, kikapu kimefunikwa kwa majani ya kangaga ili majirani wasione. Mahali hapo palivumbuliwa na marehemu mkewe, Bibi Blažena, walipokuwa wachumba. Mwanawe wa kumzaa hapajui. Alipokuwa na miaka kumi Radim alipelekwa mahali pengine, pa zamani, akamnong'oneza rafiki yake mmoja tu, na tangu siku hiyo hajaitwa tena. Hucheka anapoisimulia habari hiyo. Lakini kila mwaka huisimulia.

Mwaka huu ni goti. Tangu alipopasuliwa wakati wa kiangazi hawezi mteremko peke yake. Jana alipanda ngazi, akasimama mlangoni kwetu na kofia mkononi.

"Bohdana, kesho utanishika mkono. Na huyu mtoto aje, umri umefika."

Sitaandika hata hapa ni wapi. Nitasema tu kwamba tulipofika, uyoga ulikuwa umesimama chini ya misonobari kama watu wanaosubiri kuitwa majina. Ule wa kofia ya kahawia na shina nene, ambao huku wanauita wa kweli. Baba mkwe alipiga goti lake zima, akakata wa kwanza, akampa Apolena aushike kwa mikono miwili.

"Watakuuliza umeokota wapi. Utasema nini?"

"Nitasema kule nyuma ya..."

"Hapana. Utasema, msituni."

"Lakini Babu, hapo si nitakuwa nimedanganya nusu?"

"Kweli tupu hiyo. Kwani uyoga unaota wapi, kanisani?"

Akamkaririsha mara tatu. Umeokota wapi? Msituni. Umeokota wapi? Msituni. Mimi hakunikaririsha. "Wewe mtu mzima," aliniambia, akanipa kisu chake nikate. Mimi, mtoto wa jiji la Plzeň, ambaye mwaka wa kwanza wa ndoa nilileta nyumbani kikapu kizima cha uyoga wa kuhara. Nilikata nane. Njiani kurudi nilikuwa na furaha ya kijinga, nikamkumbatia Apolena mpaka akalalamika kwamba namvunjia uyoga.

Jioni tumekula supu nzito ya krimu, viazi na yai. Radim aliuliza, kwa mzaha tu, "Mmeokota wapi?" Apolena akajibu kabla sijameza. Babake alicheka, kisha akarudi kwenye supu yake.

Jumatatu, 16 Septemba

Apolena alipeleka uyoga mmoja shuleni kuonyesha. Watoto saba wamemuuliza, na mwalimu wa nane. Msituni, msituni, msituni. Amejaa kiburi, hata mswaki anaushika kwa heshima.

Alhamisi, 19 Septemba

Mvua. Uyoga unakauka kwenye uzi juu ya jiko. Nguo zote zinanukia msitu.

Ijumaa, 20 Septemba

Jitka, mwenzangu wa maktaba, alikuja na maandazi ya jamu ya plamu, tukanywa kahawa nyuma ya kaunta. Apolena alikuwa akinisubiri na mfuko wake wa kokwa, mahali fulani humo kwenye rafu. Tulizungumza uyoga. Siku nzuri kwa jumla.

Jumamosi, 21 Septemba

Sharti la pili ni kwamba hakuna kudanganya. Jana sikudanganya, ila nilifupisha.

Jitka ana mdomo. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja amenitania kwamba uyoga wangu unaota ndani ya kopo. Jana nikamwonyesha picha ya kikapu kwenye simu.

"Umenunua," akasema.

"Nimekata kwa mkono wangu. Baba mkwe amenipeleka."

"Mzee Alois akupeleke wewe? Wewe wa Plzeň?"

"Mimi."

"Basi si siri hiyo. Ni pale bwawani, kila mtu anapajua pale."

Hapo ndipo ningenyamaza. Bwawani ilikuwa sawa kabisa, ningemwacha na bwawa lake. Lakini nimekaa maktaba miaka mingi, mtu akitaja jambo kimakosa mwili unaniwasha. Nikasema, "Bwawani wapi! Ni juu ya machimbo ya zamani, penye lile jiwe la kuwekea kulungu chumvi, unakata kushoto." Nikasema na kushoto. Hakuna aliyeniuliza kushoto wala kulia.

Jitka akalamba jamu kidoleni, akasema, "Aha." Tukaongea mengine. Mdomo uliponza kichwa, lakini labda hatakwenda, kila siku anasema mgongo unamuuma.

Jumamosi, 28 Septemba

Amekwenda.

Leo ni sikukuu, hali ya hewa ilikuwa safi, Baba mkwe alikuwa akiimba tangu kwenye ngazi. Tulikwenda watatu kama mara ya kwanza. Tulipopita jiwe la chumvi Apolena alitangulia mbio, kisha akasimama.

Ardhi ilikuwa imekwanguliwa. Ule ukijani laini uliofunika udongo chini ya misonobari ulikuwa umepinduliwa kwa reki, umelazwa chali, mizizi juu. Uyoga mdogo uliong'olewa kabla ya kukua ulikuwa umetupwa. Na mfuko wa plastiki. Kule hata watu wabaya hawaendi na mfuko wa plastiki, wanachukua kikapu.

"Ni nguruwe mwitu," nikasema. Nilisikia sauti yangu ikisema hivyo.

"Nguruwe mwitu hana reki," alisema Baba mkwe.

Aliinama, akaanza kurudisha ule ukijani kipande kwa kipande, akiukanda kwa kiganja kama anayefunika mtoto. Alipomaliza vipande vichache hakuweza kuinuka, nikamwinua. Kisha akamtazama Apolena.

"Shuleni walikuuliza?"

"Ndiyo, Babu."

"Ukasema?"

"Msituni."

"Mara zote?"

"Mara zote."

Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alimshika bega akasema, "Mtoto ni mtoto. Kosa ni langu, nimekutwisha mapema." Apolena akafungua mdomo. Kisha akanitazama mimi, akaufunga.

Nami nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa buti za mpira.

Jumapili, 29 Septemba

Leo nitamwambia.

Jumatatu, 30 Septemba

Kesho.

Jumamosi, 5 Oktoba

Siku ya tiara, mlimani juu ya mji. Kila mwaka Baba mkwe na Apolena hutengeneza tiara wao wawili, karatasi, gundi na mkia wa vitambaa, na Apolena ndiye hushika kamba. Mwaka huu walitengeneza pia, lakini walipofika juu Baba mkwe alimpa kamba Vojta.

"Wewe shika mkia," alimwambia Apolena. Bila ukali. Kama mtu anayempa kazi nyepesi mgonjwa.

Jirani mmoja akapiga kelele, "Mzee Alois, leo umebadilisha rubani?"

"Wakubwa wapumzike," akasema.

Vojta aliiangusha mara nne na kila mara akacheka mpaka akakaa chini. Apolena aliukimbiza mkia, akaukunjua, akausimamisha, hakulalamika. Radim aliniuliza mtoto ana nini. Nikasema nadhani ni mafua. Sasa nimemsingizia hata mafua.

Jumanne, 8 Oktoba

Jitka hajaja na maandazi. Ananiita "Bohdana mpenzi."

Jumamosi, 12 Oktoba

Baba mkwe ametoka peke yake na fimbo. Hakwenda mahali pale, amefuata kandokando ya barabara, anakookota uyoga mtu yeyote mwenye mbwa. Apolena alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini tangu alfajiri, buti miguuni, kikapu magotini. Baba mkwe alipita mbele yake, akamgusa kofia, akaenda.

"Labda hakuona kikapu," Apolena aliniambia.

Nilimtengenezea chai yenye asali. Ndicho nilichoweza. Mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwenye ulimi wa kutosha kumwelekeza mwenzake wa kazini mpaka kushoto, ameshindwa kusema sentensi moja kwa mzee mwenye goti bovu. Namwogopa? Siyo yeye. Naogopa kuwa Radim wa pili, anayecheka kila mwaka. Nilisubiri miaka kumi na moja kuitwa, nikadumu siku sita. Aibu hii naibeba kama maji ndani ya kiatu, kila hatua inalia, na nashangaa watu hawasikii.

Jumatano, 16 Oktoba

Jitka amenipa chupa ya uyoga uliotiwa siki. Ameipamba kwa utepe. "Asante kwa ile siku," akasema. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema, "Karibu." Nimeificha nyuma ya unga.

Alhamisi, 17 Oktoba

Radim ameiona akitafuta unga. Akaifungua, akaiweka mezani, Baba mkwe akiwa amekuja kula.

"Nani katengeneza?" Baba mkwe akauliza.

"Jitka wa kazini kwake Bohdana," Radim akajibu, kinywa kimejaa.

Baba mkwe alichoma mmoja kwa uma, akautazama kwenye mwanga, akautafuna polepole. "Mdogo, mgumu, haujaingia mdudu. Huyu mama anajua pa kuokota."

Akachukua wa pili. Alikuwa akila uyoga wa mkewe kutoka mikononi mwa mwizi wake, mezani kwangu, na kuusifu. Apolena aliweka uma chini. "Nimeshiba," akasema, na hakuwa amekula kitu.

Mimi nilikula mitatu ili wasinishuku.

Jumapili, 20 Oktoba

Apolena ametengeneza farasi kumi na mmoja wa kokwa, miguu ya njiti za kiberiti. Mmoja hana miguu. Nilimuuliza, akasema huyo alikatizwa.

Jumanne, 29 Oktoba, Praha

Watoto wamefurahi, na nataka iandikwe kwamba wamefurahi, kwa sababu nina tabia ya kuandika yangu tu.

Tulipanda treni na mkate wa nyama iliyokaangwa kwenye karatasi, Vojta akala wote kabla ya kituo cha pili. Aliogopa ngazi zinazotembea za chini ya ardhi, kisha akakataa kutoka juu yake, tukapanda na kushuka mara tano mpaka mlinzi akamjua jina. Tulikwenda kuwaona sokwe. Tulipanda tramu mpaka mwisho wa njia na kurudi, bila sababu, na hiyo ndiyo waliyoipenda zaidi. Apolena alinunua kadi ya posta, akamwandikia babu yake, ambaye tunakaa naye nyumba moja. Alinionyesha mwenyewe: *Babu, Praha hakuna uyoga. Nimetazama.*

Kabla ya saa tisa tulikuwa tumesimama chini ya saa kubwa pamoja na nusu ya dunia. Vojta mabegani mwa babake. Ilipofika saa yenyewe, vidirisha viwili vikafunguka juu, mitume wakapita mmoja mmoja wakitazama chini, vidirisha vikafungwa, na jogoo akawika. Sauti yake ni kama mfuko wa kinanda uliotoboka. Watu walicheka. Vojta alikaribia kulia kwa furaha.

"Kwa nini anawika?" akauliza.

Radim hakujua. Mimi, bila shaka, najua kila kitu.

"Yule mwenye ufunguo ni Petro," nikasema. "Alimkana rafiki yake. Walimuuliza mara tatu kama anamjua, akasema simjui. Halafu jogoo akawika."

"Halafu?"

"Akalia."

"Jogoo?"

"Petro."

Vojta aliridhika. Apolena alikuwa bado anatazama vidirisha vilivyofungwa.

"Mama, alilia tu, au alikwenda akawaambia?"

Sisi si watu wa kanisani. Bibi Blažena ndiye alikuwa akienda, na angejua la kujibu. Nikamwambia tutatafuta kwenye kitabu. Katikati ya uwanja ule, watu wote wakipiga picha, nilihesabu: nguruwe mwitu, mafua, "karibu." Mara tatu zilitimia, na sikuwa nimehesabu kamba za viatu.

Jumatano, 30 Oktoba

Treni ya kurudi. Ukungu. Watoto wamelala, kichwa cha Apolena kwenye mkono wangu, kwa hiyo mwandiko ni mbaya.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya wafu. Mji mzima ulikuwa makaburini na mataji ya matawi na mishumaa ndani ya vikombe vyekundu. Baba mkwe alifuta jiwe la Bibi Blažena kwa kitambaa chake mwenyewe. Kila mwaka huweka hapo uyoga wa kweli, mmoja, mkubwa kuliko wote. Mwaka huu alitoa mfukoni kipande kilichokauka, cha ile siku ya kwanza, na akamwomba radhi mkewe kwa sauti, mbele yetu, kwamba ndicho alicho nacho.

Apolena alikuwa amesimama nyuma, mbali kidogo, kama mtu ambaye hajui kama amealikwa.

Nikasema. Sikuwa nimepanga maneno, yakatoka vibaya. "Baba, si Apolena. Ni mimi. Nilimwambia Jitka. Nilimwambia jiwe na nilimwambia kushoto. Siku ile ile tulipokuta pamekwanguliwa nilijua, nikanyamaza, nikakuacha umdhanie mtoto."

Radim alikuwa anawasha mshumaa. Njiti ilimuunguza kidole, ndipo akaitupa.

Baba mkwe hakunitazama. Alitembea na fimbo yake hadi aliposimama Apolena, akavua kofia, na kichwa chake chote ni mvi na kulikuwa na baridi.

"Nilikudhania," alimwambia.

"Ndiyo, Babu."

"Na hukuwa wewe."

"Hapana."

"Basi nisamehe."

"Sawa," akasema Apolena. Kisha, kwa vile ni mkweli kuliko mamake, akaongeza, "Mimi nilikuwa najua."

Nikamuuliza amejuaje. Alikuwa chini ya meza ya vitabu vinavyorudishwa, akimtia farasi miguu. Amesikia kila neno, andazi, bwawa, kushoto. Majuma sita alijua. Alishika mkia wa tiara akijua. Alikaa ngazini na kikapu akijua.

"Sasa kwa nini hukumwambia Babu?"

Alinishangaa, kama nimeuliza jambo la wazi sana.

"Si ungeona aibu."

Vojta ndiye aliyefuata kusema, alitaka kujua kama wafu wanapata jogoo. Baba mkwe alirudi kaburini, akanyoosha taji lililokuwa limenyooka.

"Blažena angecheka," alisema mwishowe, akilitazama jiwe. "Angekucheka mpaka akae chini. Mimi bado siwezi." Akanipa kiberiti niwashe mshumaa wangu. Niliuwasha kwa njiti ya tatu, mbili za kwanza zilizimika.

Jumapili, 3 Novemba

Radim hajanitania. Amenikumbatia jikoni, akasema, "Karibu kwetu tusioitwa." Nililia hapo juu ya viazi.

Jumatano, 6 Novemba

Jitka ameleta maandazi. Nimemwambia asinipe tena uyoga, na kwa nini. Alikasirika, kisha akawa mwekundu, kisha akauliza kama angeweza kwenda kurudisha ule ukijani. Nikamwambia mzee ameshaurudisha.

Jumapili, 10 Novemba

Baridi kavu, jua kidogo. Asubuhi nilisikia fimbo ya Baba mkwe kwenye ngazi. Alibisha mlango, nikafungua, na moyo wangu mjinga ukaruka.

"Apolena," aliita juu ya bega langu. "Buti."

Alikuwa ameshazivaa. Nadhani alilala nazo. Baba mkwe alinisalimu kwa adabu, akamwambia mtoto, "Leo wewe ndiye utanishika mkono kwenye mteremko," nao wakaenda. Niliwatazama dirishani mpaka njia panda. Walikata, lakini nilifumba macho, sikutaka kuona upande.

Walirudi saa tano, pua nyekundu, kikapu kimefunikwa kwa majani. Chini ya majani kulikuwa na ule uyoga wa mwisho wa mwaka unaoota kwenye visiki, mafungu mafungu, safi kabisa, harufu yake ikajaa jikoni. Apolena aliumwaga mezani. Nikachukua kisu, nikaanza kusafisha, na mdomo wangu, ambao haujifunzi, ukauliza kama kila mama wa mji huu anavyouliza:

"Mzuri sana huu. Mmeokota wapi?"

Baba mkwe alikuwa akivua koti mlangoni. Akasimama na mkono mmoja ndani ya mkono wa koti. Apolena alimtazama, kisha akanitazama mimi, kwa upole sana, kama anayemsaidia mtu mzee kuvuka barabara.

"Msituni, Mama."

Nikasema ahaa, nikaendelea kusafisha uyoga.